Kupima fikra hasi kwa watu wenye sonona: ni dodoso lipi linafaa katika kliniki zetu za Nyanda za Juu Kusini?

Mwanafunzi wa uzamili, Mbeya

Salaam kwenu nyote, na shikamooni wakubwa wangu katika taaluma hii.

Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili utakaofanyika katika kliniki ya afya ya akili hapa Mbeya. Nakusudia kupima fikra hasi kwa watu wazima ambao daktari ameshawabaini kuwa na sonona, kisha kuwapima tena baada ya wiki kadhaa za dawa na ushauri nasaha, ili nijue kama fikra hizo hupungua sambamba na dalili nyingine au hubaki palepale hata baada ya usingizi na hamu ya kula kurejea. Nimelichagua jambo hili kwa sababu tunawaona wagonjwa wanaorudi kliniki wakiwa wameongezeka uzito, wanalala vizuri, wanakwenda shambani, na faili linaeleza kwamba wamepata nafuu, ilhali ukiketi nao kwa utulivu unasikia bado wanajihesabu kuwa mzigo kwa watoto wao na hawaoni lolote jema mbele yao.

Karibu kila ninayemwomba ushauri ananielekeza kwenye PHQ-9 ya Kiswahili, yaani dodoso fupi la dalili za sonona. Ninaifahamu na ninaithamini: inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, ina vipengele 9 vyenye alama 0 hadi 3, jumla yake ya juu ni 27, haina malipo, na wahudumu wengi wameshaizoea. Hata hivyo, ni vipengele viwili tu vinavyogusa moja kwa moja kile ambacho mtu anajiwazia, yaani kujiona ameshindwa maishani na mawazo ya kufa au kujidhuru. Vilivyobaki vinahusu zaidi hali ya moyo, usingizi, uchovu, chakula, umakini na mwendo wa mwili. Naogopa kwamba nikiitumia peke yake nitakuwa nimepima ukali wa ugonjwa na kuuita fikra.

Nimesoma kuhusu madodoso mawili yanayotajwa sana. Moja ni lile la mawazo yanayojileta yenyewe, lililotungwa na Steven Hollon na Philip Kendall mwaka 1980, lenye vipengele 30. Jingine ni la mitazamo isiyojenga, la Arlene Weissman na Aaron Beck, lililotoka mwaka 1978, ambalo matoleo yake yanayotumika sana yana vipengele 40. Msimamizi wangu anataka nichague moja tu, nami sijaielewa tofauti yao kiasi cha kuweza kutetea uchaguzi wangu mbele ya jopo.

Kuna mambo mengine mawili yanayonisumbua. Mkulima wa viazi wa Umalila aliyeuza kwa lumbesa, kwa bei ambayo haikurudisha hata fedha ya mbolea, akiniambia kwamba mambo yake hayaendi, je, niiandike hiyo kuwa fikra hasi au niichukue kuwa taarifa ya kweli? Tena wagonjwa wengi hawasomi kwa urahisi, na wazee wa Rungwe na Mbozi mara nyingi huliwaza swali kwa Kinyakyusa au Kinyiha kabla ya kulijibu kwa Kiswahili. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Mkufunzi wa saikolojia, Iringa

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na tofauti ya yale madodoso mawili, kwa kuwa ukiishika hiyo, jopo halitakusumbua.

Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia nchini Marekani, alianza kueleza katika miaka ya 1960 kwamba sonona si huzuni tupu. Mgonjwa ana namna ya kujitazama, namna ya kuyatazama yanayomzunguka na namna ya kuutazama wakati ujao, na zote tatu zimeelemea upande wa ubaya. Baadaye alizipanga fikra hizo kwa kina chake. Zilizo karibu na uso ni mawazo yanayojileta yenyewe, sentensi fupi zinazopita kichwani bila kuitwa, kama vile mtu kujiambia kwamba ameharibu tena au kwamba hakuna anayemjali. Chini yake kuna masharti ambayo mtu amejiwekea, mara nyingi tangu utotoni na bila kuyatamka hata siku moja: kwamba asipokubaliwa na kila mtu hana thamani, kwamba akikosea jambo moja amekosea yote, kwamba kuomba msaada ni udhaifu.

Dodoso la mwaka 1980 linapima zile za juu. Linamuuliza mtu kila wazo limemjia mara ngapi katika wiki iliyopita, kwa alama 1 hadi 5, hivyo jumla huanzia 30 na kuishia 150. Dodoso la mwaka 1978 linapima zile za chini. Haliulizi ni mara ngapi, linauliza mtu anakubaliana kwa kiasi gani na kila kauli, kwa alama 1 hadi 7, na jumla huanzia 40 hadi 280. La kwanza hubadilika upesi mtu anapopata nafuu. La pili lilitungwa kwa matumaini kwamba lingeonyesha udhaifu unaodumu, yaani kile kinachomfanya mtu augue tena.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulitafakari kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu linagusa kiini cha swali lako. Tafiti zilizofuata zilikuta mara kwa mara kwamba hata alama za mitazamo hushuka mgonjwa anapopona, hadi zikakaribia za watu ambao hawajawahi kuugua. Wapo waliosema kwamba basi mitazamo hiyo ni dalili tu kama zilivyo dalili nyingine. John Teasdale wa Uingereza alitoa maelezo tofauti mwanzoni mwa miaka ya 1980: mitazamo haijaondoka, imelala, na huamshwa pale huzuni inaporudi. Zindel Segal na wenzake walilifuatilia wazo hilo kwa kuwapima watu waliokwisha kupona, kisha kuwatia huzuni ya muda mfupi kwa muziki na kumbukumbu za majonzi, na kuwapima tena. Wale ambao mitazamo yao iliinuka zaidi baada ya huzuni hiyo ndogo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na sonona katika miezi iliyofuata.

Maana yake kwako ni kwamba alama ndogo siku ya pili ya upimaji haithibitishi kwamba fikra zimekwisha. Inathibitisha kwamba siku hiyo hazikuwa macho. Sikushauri uwatie watu huzuni kwa makusudi katika kliniki isiyo na wataalamu wa kutosha wa kuwashika mkono baadaye. Ninachokushauri ni kuandika hali ya moyo ya kila mtu siku ya upimaji, kwa swali moja tu la alama 0 hadi 10, na katika hitimisho lako usidai zaidi ya kile ulichokipima.

Kwa utafiti unaolinganisha wiki ya mwanzo na wiki za baadaye, ningechukua dodoso la mwaka 1980 kuwa kipimo kikuu, na PHQ-9 ibaki kuwa kipimo cha ukali wa ugonjwa. Usiruhusu kimoja kifanye kazi ya kingine.

Niongeze jambo moja kuhusu malalamiko ambayo utayasikia kila siku, kwamba mtu "ana mawazo mengi". Nchini Zimbabwe, ambako watu husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, Vikram Patel na wenzake walitunga katika miaka ya 1990 dodoso la Kishona lenye maswali 14 lililoanzia kwenye maneno ya wagonjwa wenyewe, na baadaye likatumika katika mradi wa mabenchi ya urafiki, ambako watu hupewa ushauri nasaha wakiwa wameketi kwenye benchi, ulioanzishwa na Dixon Chibanda. Uzoefu huo unatufundisha mengi. Lakini mtu akisema ana mawazo mengi anakueleza wingi wa mawazo na uzito wake, bado hajakueleza yanasema nini. Mwingine anawaza usiku kucha jinsi ya kupata ada ya mtoto, na mwingine anawaza usiku kucha kwamba yeye si mzazi anayestahili kuitwa mzazi. Ukitaka kupima ule urudiaji wenyewe, kipo kipimo cha Susan Nolen-Hoeksema chenye vipengele 22. Usikichanganye na hiki, na kwa utafiti wa ukubwa wako nadhani kingezidisha mzigo kwa wagonjwa. Vipimo vya kompyuta vinavyotazama jicho la mgonjwa linavutwa na neno gani viache kabisa, kwa kuwa matokeo yake kwa mtu mmoja mmoja hayatulii.

Muuguzi wa afya ya akili, Makambako

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu. Mimi naomba nizungumzie kile kinachotokea chumbani, maana dodoso zuri linaweza kuharibiwa na namna linavyosomwa.

Kwanza, msindikizaji. Wagonjwa wetu wengi huja na mume, mama mkwe au mtoto mkubwa, na heshima ya nyumbani humfanya muuguzi aone haya kumwomba mtu huyo asubiri nje. Ukimuuliza mwanamke mbele ya mama mkwe wake kama anajiona hana thamani katika familia, jibu utakalopata ni la kumridhisha mama mkwe. Mimi humweleza msindikizaji mapema, kwa adabu na kabla ya kuingia, kwamba kuna sehemu ya mgonjwa peke yake na kuna sehemu ambayo naye nitamhitaji, na karibu wote hulielewa hilo.

Pili, ngazi za majibu. Mtu asiye na mazoea ya karatasi hupata shida kutenganisha "mara chache" na "mara kadhaa" zinaposomwa kwa sauti, na akichoka huanza kujibu kila kitu kwa jibu moja ili amalize. Mimi huweka mezani vifungu vitano vya punje za mahindi, kimoja kina punje 1 na cha mwisho kina punje 5, kisha namwomba aguse kifungu. Kabla ya dodoso lenyewe tunafanya mazoezi kwa maswali yasiyoumiza, kama vile wiki hii umekunywa chai mara ngapi au umekwenda gulioni mara ngapi, mpaka nione kwamba ameelewa. Mazoezi hayo huchukua muda, nami sijawahi kuyaona kuwa ni muda uliopotea.

Ama kuhusu yule mkulima wa viazi, swali lako ni la haki kabisa, na linaniuma kwa sababu nimewahi kuwasikia wahudumu wakiiandika shida ya mtu kuwa ugonjwa. Kwamba bei ilianguka na mbolea haikulipika ni tukio. Kwamba fedha ya ada haipo ni tukio vilevile. Mtu akisema hayo hajapotoka popote. Sikiliza kinachofuata baada ya tukio. Mmoja ataendelea kusema kwamba msimu ujao atapunguza eneo la viazi na kupanda maharage. Mwingine ataendelea kusema kwamba kila anachokigusa huharibika, kwamba hata marehemu baba yake alilijua hilo, na kwamba watoto wake wangekuwa na maisha bora kama wangezaliwa na mtu mwingine. Wote wawili wamepata hasara ileile. Kilichoongezeka kwa wa pili ni hukumu juu ya nafsi yake, iliyotoka kwenye msimu mmoja ikafunika maisha mazima, na hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kwa hiyo baada ya kila wazo lililopata alama 4 au 5, mimi huuliza maswali mawili ya ziada: wazo hili lilikujia baada ya jambo gani, na unaliamini kwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 10. Nimewaona watu ambao wazo bado linawajia kila siku lakini imani yao juu yake imeshuka kutoka 9 hadi 3, na hao wamepiga hatua kubwa ambayo hesabu ya mara ngapi haiwezi kuionyesha.

Mtakwimu wa utafiti wa afya, Njombe

Dada muuguzi ameeleza vizuri, na swali lake la imani nalikubali kwa moyo wote, isipokuwa naomba lisiingizwe katikati ya dodoso. Ukimsimamisha mtu kila baada ya kipengele ili mlijadili wazo lake, vipengele vinavyofuata vitajibiwa na mtu ambaye ameshaanza kufanyiwa tiba. Somo la upimaji na somo la ushauri yatakuwa yamechanganyika, na hutaweza kulinganisha alama zako na za mtafiti mwingine yeyote. Soma vipengele vyote 30 mfululizo, kisha rudi kwenye yale mawazo mazito uulize maswali ya ziada, na uyaandike katika ukurasa wake.

Kuhusu tafsiri, hatua zinazokubalika zinajulikana: watu wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, wanapatanisha, mwingine ambaye hajaliona dodoso la asili analirudisha katika lugha ya awali, kikundi cha wataalamu kinalinganisha, kisha linajaribiwa kwa watu wachache wanaofanana na walengwa. Wanafunzi wengi huzitekeleza hatua nne za mwanzo kwa bidii na kuipita ya mwisho kwa haraka, ilhali ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Keti na wazee wachache wa Rungwe na wachache wa Mbozi, wasomee kila kipengele, kisha waombe wakueleze kwa maneno yao wameulizwa nini, kwa lugha yoyote wanayojisikia huru nayo. Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu kwa adabu zao watakujibu kwamba wameelewa. Kipengele ambacho watu watatu wamekieleza kwa maana tatu hakifai, hata kama tafsiri yake imesifiwa na maprofesa. Na kabla ya yote hayo, omba idhini ya wenye haki ya dodoso. PHQ-9 ni huru, lakini madodoso mengine, kwa mfano kile kipimo cha sonona cha Beck cha vipengele 21 katika toleo la mwaka 1996, huuzwa na hayaruhusiwi kunakiliwa ovyo.

Sasa kuna mtego ambao ningependa uuone mapema. Utapata uhusiano mkubwa kati ya alama za fikra na alama za PHQ-9, na utafurahi. Sehemu ya uhusiano huo ni ya bandia, kwa kuwa vile vipengele viwili ulivyovitaja mwenyewe, pamoja na kile cha huzuni na kukata tamaa, vinauliza mambo yanayokaribiana sana na dodoso la fikra. Fanya hesabu mara mbili, mara moja kwa PHQ-9 nzima na mara ya pili baada ya kuviondoa vipengele hivyo, na utoe matokeo yote mawili. Ikiwa uhusiano utaporomoka katika hesabu ya pili, umejifunza jambo la maana.

Usikope mpaka wa alama kutoka nchi nyingine na kutangaza kwamba aliyeuvuka ana fikra za kiugonjwa. Mpaka hutokana na watu waliopimwa, na watu hao hawakuwa wa Mbeya. Kwa utafiti wako huhitaji mpaka hata kidogo. Unahitaji kujua kama mtu yuleyule amebadilika. Hapo napo uwe mwangalifu. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, mchepuko sanifu wa alama zako, yaani jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 20 na uthabiti wa dodoso linaporudiwa ni 0.85. Kwa kanuni ya Neil Jacobson na Paula Truax ya mwaka 1991, kosa la kipimo kwa mtu mmoja linakaribia 7.7, kosa la tofauti kati ya vipimo viwili linakaribia 11, na ukilizidisha kwa 1.96 unapata takriban 21. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyeshuka alama 10 huwezi kusema kwa uhakika kwamba amebadilika, kwa kuwa kushuka huko kunaweza kuletwa na kuyumba kwa kipimo chenyewe. Kwa wastani wa kundi zima mabadiliko madogo yanaweza kuonekana, lakini kwa faili la mtu mmoja usiandike "amepata nafuu ya fikra" kwa tofauti ya namna hiyo.

Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi vipengele vinavyokubaliana, utaipata ikiwa juu, pengine zaidi ya 0.90, kwa sababu vipengele ni vingi na vinafanana. Iandike, usiitegemee. Inakuambia kwamba vipengele vinakubaliana, haikuambii kwamba vinapima kile unachodhani vinapima. Uchambuzi wa makundi ya vipengele, yaani kutafuta kwa hesabu ni vipengele vipi vinavyokwenda pamoja, uuache, kwani kwa desturi ya watu 5 hadi 10 kwa kila kipengele ungehitaji watu kati ya 150 na 300, na kliniki moja kwa miezi michache haitakupa idadi hiyo bila kuwalazimisha wasiopenda.

Mama wa Tukuyu

Mwanangu mtafiti, mimi si mtaalamu. Niliugua sonona baada ya kuondokewa na mume wangu, nikatibiwa, na leo ninaendesha shamba langu la chai na parachichi. Nimesoma majibu ya wenzangu kwa makini, na naomba niseme jambo kwa upande wa yule anayeketi upande wa pili wa meza.

Niliwahi kusomewa orodha ya aina hii. Kila sentensi ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na kila moja niliitambua kuwa ni yangu. Katika nusu ya kwanza nilipata faraja kubwa, kwa sababu nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikijisemea hayo, na sasa niliona kwamba yameandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo wapo wengine. Katika nusu ya pili faraja ile iliisha. Nilitoka pale nikiwa na sentensi nyingi zaidi za kujipiga nazo kuliko nilizoingia nazo, na aliyenisomea alikusanya karatasi zake akamwita mwingine.

Sisemi msipime. Laiti ningepimwa mapema zaidi. Ninachoomba ni kwamba mtu asiulizwe mabaya matupu. Hata katika miezi ile migumu kulikuwa na asubuhi nilizowaza kwamba chai imechipua vizuri, au kwamba binti yangu ananipenda. Kama kungekuwa na mtu aliyeniuliza hayo, angejua mapema kwamba nilikuwa nimeanza kurudi, kwa sababu kwangu mimi mawazo mema yalirudi kabla mabaya hayajapungua.

Mkufunzi wa saikolojia, Iringa

Mama, tunakushukuru sana, na ulichokisema kina nguvu ya kitaalamu kuliko unavyokidhania. Mwaka 1988 Rick Ingram na Kathy Wisnicki walitoa dodoso la vipengele 30 vya mawazo chanya, lililotungwa liwe mwenza wa lile la mwaka 1980, kwa hoja kwamba kukosekana kwa mawazo mema si kitu kimoja na kuwepo kwa mawazo mabaya. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa wingi, au kukosa yote mawili, na hali hizo si sawa.

Ndugu mwanafunzi, natambua kwamba vipengele 60 ni vingi kwa mgonjwa mchovu aliyetoka Chunya kwa basi la alfajiri. Hata hivyo ningependelea upunguze idadi ya watu na uongeze upande huu, kuliko kupata watu wengi uliowapima nusu. Ikishindikana kabisa, tumia maswali machache ya mawazo mema uliyoyatunga baada ya kuwasikiliza watu wa hapa, na uyatangaze wazi kuwa ni yako na hayajathibitishwa.

Pia, kwa ile hoja ya mkulima, liweke hili katika mapitio ya maandiko: Lauren Alloy na Lyn Abramson walionyesha mwaka 1979, kwa wanafunzi waliobonyeza kitufe na kukisia kama ndicho kilichowasha taa, kwamba wenye dalili za sonona walikadiria uwezo wao kwa usahihi zaidi kuliko wenzao wasio na dalili. Matokeo hayo yamebishaniwa sana tangu wakati huo. Yanatosha, hata hivyo, kutuzuia tusidhani kwamba kila wazo la giza ni la uongo.

Mwanafunzi wa uzamili, Mbeya

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe mama. Nitachukua madodoso yote mawili, la mawazo hasi na la mawazo chanya, pamoja na PHQ-9, na nitapunguza idadi ya washiriki. Maswali ya imani nitayaweka mwishoni, kama alivyoshauri mtakwimu. Maombi ya kibali cha maadili nitayapeleka katika kamati ya chuo, na barua kwa Mganga Mkuu itafuata.

Limebaki moja. Kile kipengele cha tisa cha PHQ-9 kinauliza kuhusu kufa na kujidhuru. Mjumbe mmoja wa jopo ameshauri nikiondoe, kwa hofu kwamba nitamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Na je, PHQ-9 itangulie au ifuate?

Muuguzi wa afya ya akili, Makambako

Usikiondoe, mdogo wangu. Hofu hiyo ni ya nia njema, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Ukikiondoa, mwenye wazo hilo atabaki nalo, na wewe utakuwa umeketi naye kwa karibu saa nzima ukihesabu mawazo yake yote isipokuwa lile linaloweza kumuua.

PHQ-9 iwe ya kwanza, kwa watu wote na katika vipimo vyote viwili, ili mpangilio usibadilike, na kwa sababu ya msingi zaidi: jibu lolote la kipengele cha tisa lililo juu ya 0 ulijue mapema, wakati daktari bado yupo, si saa tisa alasiri kliniki inapofungwa. Ukilipata jibu hilo, weka dodoso kando. Muulize kama amewahi kujaribu, kama ana mpango, na kama kitu anachofikiria kukitumia kipo nyumbani, maana huku kwetu sumu ya shambani hukaa chumbani pamoja na mbegu. Mpeleke kwa daktari ukiwa naye, usimwelekeze mlango. Msindikizaji aelezwe, kwa ridhaa ya mgonjwa inapowezekana, kwamba sumu iondolewe ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Mtu huyo ataingia katika takwimu zako siku nyingine, au hataingia kabisa, na hilo liandike tangu sasa katika pendekezo lako ili msaidizi wako wa utafiti asishawishike kumalizia vipengele vilivyobaki.

Kwa wengine wote, dodoso la mawazo hasi lifuate PHQ-9, na la mawazo chanya liwe la mwisho. Ukishafunga daftari, kaa na mtu kidogo, muulize ya nyumbani na safari yake ya kurudi, na uhakikishe anajua tarehe ya kuonana na mshauri wake kabla hajasimama.